Mfagia dohani wa kijijini kwetu Westerwald: nyota nne, ya tano imekwama kwenye makaratasi

Shangazi yangu wa Tanga alinipigia simu asubuhi moja nikamwambia siwezi kuongea, namsubiri mfagia dohani. Akanyamaza. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu: "Mwanangu, unamlipa mtu aje kukufagilia moshi?" Nikamjibu, "Ndiyo shangazi, mara tatu kwa mwaka, tena ni sheria." Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo akitaka kunitania huanza salamu kwa kuuliza kama moshi umeshafagiwa.

Simlaumu. Nimezaliwa Ngamiani, ambako moshi wa jikoni hujitafutia njia wenyewe: ukipita kwenye makuti haya, ukipita mlangoni haya, ukikuingia machoni unasogeza kigoda. Dohani nilizoziona utotoni zilikuwa za Lushoto, kwenye nyumba za zamani za Wajerumani, walizozijenga enzi wakiuita mji ule Wilhelmstal. Kwa akili yangu ya kitoto zile zilikuwa pambo la paa, kama vile watu wengine wanavyoweka jogoo wa bati.

Leo naendesha basi la abiria katika vijiji vya Westerwald, huku kwenye vilima vya magharibi ya Ujerumani, na mwaka 2018 mimi na mume wangu tulinunua nyumba iliyojengwa 1958. Ina ukuta mnene, ngazi zinazolia, na dohani moja ya matofali inayotoka stoo ya chini ya ardhi, inapita nyuma ya sebule, inapita ukuta wa chumba cha watoto, inapita darini na kutokeza juu ya paa. Sebuleni wenyewe wa zamani walituachia jiko la kuni la chuma lenye mlango wa kioo. Kwa jiko hilo nililia machozi ya furaha. Baridi ya huku si ya kubebea khanga.

Nyota nne nampa mfagia dohani wa eneo letu, ambaye watoto wanamwita Bwana Kofia. Nimekuwa naye tangu 2021. Ila ili mwelewe kwa nini namsifu, inabidi nianze na mwenzake ambaye simtaji, na kabla ya huyo nieleze jambo lililonichanganya mwaka mzima.

Ujerumani ina wafagia dohani wa namna mbili, na wote huvaa nguo nyeusi zilezile. Wa kwanza ni wa eneo: anateuliwa na mamlaka kwa miaka 7, na wewe mwenye nyumba humchagui. Ana kazi ambayo mwingine haruhusiwi kuigusa, nayo ni ukaguzi mkubwa. Mara mbili katika miaka hiyo 7 anaingia nyumbani kwako, anatazama kila kinachowaka na kila njia ya moshi, kisha anakuandikia waraka unaoitwa Feuerstättenbescheid. Waraka huo ndio unaosema dohani yako ifagiwe mara ngapi, na kati ya tarehe ipi na ipi. Jiko la kuwasha siku mojamoja hufagiliwa mara moja kwa mwaka, la kuwasha mara kwa mara kiasi mara mbili, la kuwasha msimu mzima wa baridi mara tatu, na la mwaka mzima mara nne. Sisi tunawasha karibu kila jioni kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwa hiyo ni mara tatu.

Wa pili ni mfagiaji huru mwenye cheti chake, ambaye tangu tarehe 1 Januari 2013 unaruhusiwa kumchagua mwenyewe kwa kazi ya kufagia na kupima. Kabla ya hapo, kwa sheria iliyoanzia mwaka 1935, eneo lilikuwa la mmoja na shauri limekwisha. Wakati tunahamia hakuna aliyetueleza tofauti hii. Barua zilikuja, tukadhani wote ni mtu mmoja anayetudai mara mbili.

Mume wangu hulipa bili kama mtu anayeng'olewa jino. Alipogundua kwamba kufagia kuna ushindani, akatafuta wa bei rahisi, akampata mmoja wa mbali kidogo. Akaja na gari safi. Akashuka stoo ya chini, akafungua kile kimlango cha chuma cha kuzolea masizi, akasukuma brashi kwenda juu mara kadhaa, akazoa robo ndoo, akasaini fomu, akaaga. Nilikuwa nimeinjika maji ya chai kwa ajili yake, hayakuwahi kuchemka. Hakupanda darini. Hakulifungua jiko. Hakuuliza tunachoma nini. Tukampa mkono kwa furaha, tumeokoa euro kumi na tano. Mchezo huo tuliucheza misimu mitatu.

Sasa nikiri langu. Marehemu bibi yangu alikuwa hazimi moto. Usiku alikifukia kinga chini ya majivu, alfajiri anakifukua, anakipulizia mara mbili tatu, na watu wanakunywa chai. Kiberiti kimoja kilimtosha mwezi. Nami nikataka kuonyesha uhodari huo Ulaya. Kabla ya kulala nilitia magogo mawili makubwa, nikaifunga hewa ya jiko karibu yote, moto ukawa unafuka polepole mpaka asubuhi. Nikiamka nakuta makaa mekundu, naongeza kuni, jiko linaitika. Nilijisifu hadi kwa abiria wangu. Na kuni zenyewe tulizinunua kwa jirani mmoja, za mti wa Buche, zilizokatwa miezi michache tu nyuma. Zilikuwa nzito kama mawe ya msingi, nikadhani uzito ndio ubora.

Novemba 2021 ikafika siku ya ukaguzi mkubwa. Karatasi ilishabandikwa mlangoni wiki moja kabla. Saa moja na nusu asubuhi kengele ikalia, nikafungua, nikakutana na mtu wa makamo mwenye koti jeusi la vifungo vya rangi ya dhahabu, kofia ndefu nyeusi, na bega limebeba kamba iliyokunjwa, mwisho wake kuna gololi kubwa ya chuma na brashi ya nyaya iliyochanua kama jua. Akavaa vifuniko vya viatu bila kuambiwa. Hapo tu nikaanza kumheshimu, maana sakafu nilikuwa nimeipiga deki usiku.

Hakuanza na dohani. Aliniomba nimpeleke zilipo kuni. Akachagua gogo moja katikati ya rundo, akaliweka juu ya kigogo, akalipasua kwa shoka, kisha akachomeka pini mbili za kipima unyevu kwenye ule upande mpya uliopasuka. Nikauliza kwa nini asipime nje tu, kwani gogo ni lilelile. Akasema nje ni uongo, nje hukauka kwa wiki moja. Kikasoma asilimia 38. Sheria yao inataka chini ya 25, ukilinganisha maji na uzito wa kuni kavu. Akanigeuzia namba ile niione, hakusema neno.

Ndipo akauliza, "Na usiku, hewa ya jiko mnaifanyaje?" Nikamweleza habari za bibi kwa majivuno yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, na naapa alikuwa anasikitika kama daktari anayesikia umekuwa ukimeza dawa ya jirani. Akasema bibi yangu alikuwa na haki, maana alichofukia kilikuwa kaa. Kaa limeshamaliza kutoa moshi wake. Mimi nilikuwa nafukia kuni mbichi. Kuni zikinyimwa hewa, gesi zake haziungui zote. Zinapanda pamoja na mvuke wa maji, zikikuta matofali yaliyopoa huko juu zinajigandisha ukutani kama utomvu, na usiku unaofuata zinapata tabaka jingine juu yake.

Tukashuka stoo ya chini. Akaingiza kioo kidogo na tochi kwenye kimlango, akaniita nitazame. Nikaona ukuta mweusi unaong'aa, laini, kama lami mpya ya barabara ya Segera baada ya mvua. Nikasema, mbona pasafi? Akacheka kwa mara ya kwanza. Wenyewe wanayaita Glanzruß, yaani masizi yanayong'aa, na brashi ikipita juu yake inateleza kama kitambaa juu ya kigae. Kwa hiyo yule wa robo ndoo hakusema uongo kwenye fomu. Alifagia kweli. Alifagia kilichokubali kufagiwa.

Ubaya wa kitu hicho ni kwamba chenyewe ni kuni. Cheche moja ikifika pale, dohani nzima inawaka kwa ndani, na joto linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Masizi hayo yakipata moto huvimba, hata yakaziba njia yote, na moshi wenye sumu ukarudi chumbani. Matofali hupasuka, na mbao za paa zilizokaribia dohani hushika. Nikauliza swali ambalo kila mtu wa kwetu angeuliza: si unamwaga maji tu? Akatikisa kichwa sana. Lita moja ya maji inakuwa kama lita 1,700 za mvuke, na ndani ya bomba lile jembamba mvuke huo unailipua dohani. Ukisikia inaunguruma unapiga 112, unafunga hewa ya jiko, unasogeza kila kitu kilichoegemea ukuta wa dohani kuanzia chini hadi darini, unatoa watoto nje, unasubiri. Nilikumbuka ukuta wa chumba cha watoto. Kitanda cha binti yangu kilikuwa kimeuegemea kwa sababu usiku huwa na joto tamu.

Ningekuwa nimemwelewa huyu bwana kwa hayo tu, na bado hatujafika jikoni.

Jikoni alitazama juu ya jiko la umeme, akaona feni ya kuvutia moshi wa mapishi tuliyoifunga mwaka uliotangulia. Akauliza kama inatoa hewa nje. Ndiyo, kuna bomba limetoboa ukuta. Na alijulishwa nani? Hakuna. Akafunga madirisha yote, akaniambia niwashe moto sebuleni, ukishika vizuri niwashe feni kwa nguvu ya mwisho. Kisha akaleta kijiti chake kinachotoa moshi mweupe, akakishika mbele ya jiko la kuni. Moshi ambao sekunde chache nyuma ulikuwa ukiingia ndani ya jiko ukasita, ukapinda, ukaanza kuja kwetu.

Nyumba tuliibadilisha madirisha mapya yanayofunga tii. Feni inavuta hewa nje, hewa mpya haina pa kuingilia, basi inashuka kupitia dohani, na moshi unarudi nayo. Kinachotisha ni kaboni monoksaidi iliyomo, ambayo haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wanaruhusu feni kama hiyo ipunguze msukumo wa hewa chumbani kwa paskali 4 tu, kiasi ambacho hata mshumaa hauhangaiki nacho. Yetu ilipita hapo mbali.

Nilikaa kwenye kiti. Msimu mzima wa baridi nilikuwa nikipata kichwa kizito siku za Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ninayopika pilau na kukaanga samaki, feni mpaka mwisho ili nguo zisinuke, na jiko la kuni linawaka sebuleni watoto wanacheza mbele yake. Nilikuwa nikimeza paracetamol na kulaumu zamu za alfajiri. Yule wa robo ndoo alipita chini ya feni ile mara mbili akielekea stoo.

Dawa yake ilikuwa ndogo: fundi umeme alitufungia kidude kwenye fremu ya dirisha, feni haiwaki mpaka dirisha limefunguliwa kidogo. Euro 180 pamoja na kazi. Ningeweza pia kubadilisha feni iwe ya kuchuja hewa na kuirudisha ndani, lakini kwa pilau yangu hakuna chujio litakalomaliza mwezi. Bwana Kofia akanishauri pia ving'ora viwili vya kaboni monoksaidi, akaandika kwenye karatasi kiwango cha kutafuta, EN 50291, na kusisitiza kwamba king'ora cha moshi cha darini, kile ambacho kila nyumba huku imewekewa, hakiijui hewa hii kabisa. Kimoja kipo sebuleni usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, kimoja chumba cha watoto. Yeye haviuzi. Hilo nalo nimeliandika upande wa sifa zake.

(Kama unasoma hii ukiwa Njombe au Makete na una mazoea ya kuingiza jiko la mkaa chumbani ili upate joto la kulalia: mkaa hautoi moshi, ndiyo maana unakudanganya. Hewa ni ileile.)

Yakabaki masizi. Kuna kuyavunja kwa minyororo inayozungushwa na mashine, na kuna kuyachoma kwa makusudi. Alikagua dohani yetu kwa kamera kuanzia juu, akaona matofali mazima, akachagua kuchoma. Nikamwambia, "Bwana, umenieleza nusu saa jinsi dohani ikiwaka nyumba inavyokwenda, na sasa unataka kuiwasha?" Akajibu, "Nikiiwasha mimi, naijua saa yake na niko hapa. Ikijiwasha yenyewe itachagua saa nane za usiku."

Wakaja watatu. Zimamoto walishapewa taarifa ili jirani akipiga simu wasikurupuke. Tulisogeza makabati na kile kitanda, nikafungua madirisha. Mmoja akakaa darini na ndoo ya mchanga, mmoja akawa anapanda na kushuka ngazi akigusa ukuta kwa kiganja kila baada ya dakika chache, yeye mwenyewe akapiga magoti stoo na mtungi wa gesi wenye mdomo wa moto. Dakika kadhaa hakuna kitu. Halafu ukuta ukaanza kunguruma, kwanza mbali, kisha ndani ya nyumba, kama lori lenye shehena linalopanda kutoka Mombo kwenda Soni kwa gia ya kwanza. Nje, cheche zilitoka juu ya paa mchana kweupe, na majirani wamesimama barabarani mikono mifukoni. Mume wangu, aliyekuwa amelalamikia euro 380 tangu asubuhi, hakusema tena neno kuhusu bei. Ilichukua kama dakika ishirini, ukuta wa chumba cha watoto ukawa wa moto kiasi cha kuweza kuweka mkono lakini si kuuacha. Kisha wakangoja ipoe, wakafagia. Ndoo mbili kasoro kidogo za vitu kama maganda meusi yaliyovimba, mepesi kama bisi. Kamera ikarudi ndani, na safari hii nikaona rangi ya matofali.

Nilimkaribisha chai ya tangawizi. Hakukubali kuketi wala kushika kikombe mpaka aonyeshwe pa kunawa, na alinawa mpaka viwiko kama anayejiandaa kuswali. Nikamwambia asijali, sisi masizi tumekulia nayo. Akaniambia katika ufundi wao kuna jina moja kila mwanagenzi analisikia: Percivall Pott, daktari wa London, ambaye mwaka 1775 aliandika kwamba wafagia dohani wanaugua saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi yanayojikusanya mwilini. Waliofagia walikuwa watoto, wakiingizwa wazima ndani ya dohani. Waingereza walipiga vita jambo hilo kwa sheria kadhaa, na iliyolimaliza ilikuja mwaka 1875, miaka mia kamili baadaye. "Kwa hiyo mimi nanawa," akasema, akachukua kikombe.

Kuna kichekesho kimoja. Bibi kizee wa nyumba ya pili, ambaye tangu tuhamie hutusalimu kwa kuinua kidole kimoja, siku hiyo alitoka na slipa theluji ikiwa chini ili amguse Bwana Kofia kifungo cha koti. Huku mfagia dohani ni bahati, na mwaka mpya ukifika watu wanapeana vinyago vyake vidogo vya sukari. Nilimsimulia shangazi, nikidhani atacheka tena. Hakucheka. Akasema, "Sasa na wewe mbona unashangaa? Mtoto mchanga si tunampaka wanja usoni jicho baya lisimpate? Weusi ni kinga." Sikuwa na jibu.

Mwaka 2024 alituletea habari mbaya ya pili. Majiko ya kuni yenye kibati cha tarehe kati ya mwaka 1995 na Machi 21, 2010 yalikuwa na mwisho wake: baada ya Desemba 31, 2024 hayaruhusiwi kuwaka isipokuwa yathibitishe kwamba vumbi halizidi gramu 0.15 na kaboni monoksaidi gramu 4 kwa kila mita ya ujazo ya moshi. La kwetu kibati kilisema 2003. Akatafuta takwimu za kiwanda pamoja nasi, zikawa juu ya mpaka. Nililizika jiko lile kwa majonzi. Jipya lilitugharimu euro 1,900 na lilikaguliwa naye kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, maana bila sahihi yake hupaswi hata kuunguza gazeti. Nakiri linakula kuni chache zaidi, na kioo chake hakiwi cheusi.

Kuni siku hizi nanunua Machi kwa ajili ya msimu baada ya unaofuata. Nazipanga nje chini ya kibanda chenye paa na ubavu wazi upepo upite, na kila rundo lina kibao cha mwaka kama makaburi. Kipima unyevu nimenunua changu, euro 25. Mume wangu ndiye anayekitumia zaidi; amepima hadi meza ya chakula. Kuwasha nimejifunza upya: vijiti vidogo juu ya magogo, moto ushuke kwenda chini, hewa wazi mpaka miali iwe ya manjano angavu, na ukiisha uache uishe. Asubuhi nawasha upya. Bibi anisamehe.

Sasa lawama, maana nyota ya tano sikuificha bure.

Barua zao zimeandikwa kwa lugha ambayo hata Wajerumani ninaofanya nao kazi wanaisoma mara mbili. Ukimtumia mfagiaji huru, kuna fomu ambayo lazima imfikie wa eneo ndani ya siku 14 baada ya muda ulioandikwa kupita, la sivyo anawajibika kukupeleka kwa mamlaka. Kazi imefanyika, dohani safi, na bado unaandikiwa barua kali kwa sababu ya karatasi. Ilitukuta mwaka 2019. Bwana Kofia, ambaye wakati huo tulimjua kwa barua tu, angeweza kupiga simu moja. Nilipomwambia alisema sheria haina kipengele cha simu.

Miadi nayo: karatasi mlangoni inasema "kati ya saa moja na saa sita". Mimi ni dereva, nusu siku ya kungoja ni nusu siku ya likizo. Ukimwandikia mapema hubadilisha, lakini ni wewe umwandikie. Mwaka jana alimtuma mwanagenzi peke yake, kijana mzuri, aliyefungua mlango wa jiko huku kamba bado inacheza juu. Zulia langu la sebuleni lina alama ya kumbukumbu hadi leo, na pole nililopewa lilikuwa la mdomo tu.

Bei: kufagia mara moja hapa kwetu ni kati ya euro 45 na 60 ikijumuisha safari, ukaguzi mkubwa na waraka wake ukavuka mia. Wa bei rahisi anakuja chini ya hapo. Simkatazi mtu, wapo wafagiaji huru hodari. Mjaribu tu kwa vitu viwili: akiondoka bila kuuliza kuhusu kuni, na bila kupanda juu ya ngazi ya kwanza, umelipia brashi peke yake.

Anakuja tena Alhamisi ya wiki ijayo, ile ya kabla ya msimu. Nimeomba saa moja na nusu na amekubali kwa maandishi. Kuni za kibao cha 2023 zimeshapasuliwa gogo moja la mfano. Zulia nimelikunja.